Mguu wa mdogo wangu na vepu ya chini ya mto

Swali la daktari lilikuwa fupi. "Kijana, unavuta sigara?"

Mdogo wangu akajibu bila kupepesa macho. "Hapana, daktari. Niliacha siku ileile ya ajali."

Hakudanganya. Tangu usiku ule wa mwezi wa pili alipomkwepa ng'ombe aliyekatiza barabara ya kwenda Sirari na pikipiki ikamlalia mguuni, hajaweka fegi mdomoni. Lakini mama, aliyekaa pembeni amepakata bahasha ya picha za eksirei, alimtazama mwanawe, akatazama sakafu, kisha akasema taratibu: "Mura, mwambie daktari na kile kitu chako cha chini ya mto."

Kile kitu ni vepu. Mimi nilijua, mama alijua, nyumba nzima pale Nkende ilijua. Daktari ndiye pekee aliyekuwa hajui, na ndiye aliyekuwa anajaribu kuelewa kwa nini, baada ya miezi mitatu na chuma ndani ya mfupa, picha ilikuwa bado inaonyesha ufa uleule. Alitegemea kuona mfupa mpya ukizunguka mahali palipovunjika, kitu kama wingu jeupe. Aliona kaukungu tu.

Nakiri kwamba siku ile niliona aibu. Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Mdogo wangu aliponiambia, wiki ya pili baada ya kutoka wodini, "Dada, hii siyo sigara, hii ni mvuke tu," sikuwa na jibu. Nilifurahi kwamba ameacha sigara, nikaliacha hapo. Wiki hii nawaandikia nilichojifunza baada ya hapo, kwa sababu najua nyumba nyingi zina kijana wa namna hii kitandani, na wanaomuuguza ni baba na mama.

Nianze na mfupa wenyewe. Mfupa uliovunjika haugandi kama saruji. Unajengwa upya, na fundi wake ni damu. Damu hujikusanya penye ufa, inaleta chembe hai zinazotengeneza kwanza kitu laini kama gegedu, kisha zinaweka madini, na mwishowe kinakuwa mfupa mgumu. Mfupa wa muundi, ule wa mbele ya mguu chini ya goti, una shida yake ya asili: upande wa mbele umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama nyingi ya kuuletea damu. Ndiyo maana muundi ni mmoja wa mifupa inayochelewa kuunga hata kwa mtu mwenye afya nzuri. Kwa mdogo wangu mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, kwa hiyo na jeraha lilikuwa wazi.

Sasa mlete mvutaji. Moshi wa sigara una nikotini, ambayo huibana mishipa midogo ya damu. Pia una kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi hiyo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kwa hiyo damu kidogo inayofika kwenye ufa inafika ikiwa imebeba oksijeni pungufu. Fundi amechelewa kazini, na amekuja bila vifaa.

Hili limepimwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliwafuatilia watu waliovunjika muundi na kupata jeraha la wazi, kama la mdogo wangu. Kwa wavutaji, uwezekano wa mfupa kuunga ulikuwa mdogo kwa asilimia 37 kuliko kwa watu ambao hawajawahi kuvuta, na uwezekano wao wa kupata maambukizi ulikuwa zaidi ya mara mbili. Maambukizi yakiingia ndani ya mfupa, siyo habari ya kuchelewa tena. Ni habari ya kurudi chumba cha upasuaji mara mbili, mara tatu, na familia kuuza ng'ombe.

Lakini kuna habari njema ambayo wengi hatuambiwi: kuacha sigara baada ya kuumia bado kunasaidia. Mjini Stockholm, Uswidi, madaktari waliwachukua wavutaji 105 waliofanyiwa upasuaji wa haraka baada ya kuvunjika. Nusu walisaidiwa kuacha kwa wiki 6, wakipigiwa simu za ushauri na kupewa bure bidhaa za nikotini za kutulizia hamu. Nusu nyingine waliachwa na huduma za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliopata angalau tatizo moja baada ya upasuaji walikuwa asilimia 38 katika kundi la kawaida, na asilimia 20 katika kundi lililosaidiwa.

Soma tena sehemu ya nikotini hapo juu. Watu wale waliruhusiwa nikotini, na bado walifanya vizuri kuliko wenzao. Ndipo swali la mdogo wangu linapokuwa gumu. Kama vibandiko vya nikotini viliruhusiwa, vepu ina kosa gani?

Kwa ambaye hajaiona, vepu ni kijiti cha plastiki kama kalamu nene. Ndani kina betri, kijiwaya kinachopata moto, na kimiminika chenye nikotini na vionjo. Ukivuta, kimiminika kinageuka mvuke. Hakuna tumbaku inayoungua, kwa hiyo kaboni monoksaidi inakuwa kidogo sana au haipo kabisa. Ya mdogo wangu ililetwa na rafiki yake wa kijiweni kutoka ng'ambo ya mpaka, Isebania, na inanukia embe.

Na kwa kumtoa mtu kwenye sigara, inafanya kazi. Lazima niseme hivyo hata kama baadhi ya wasomaji hawatapenda. Mwaka 2019 Uingereza walitoa matokeo ya watu 886 waliotaka kuacha sigara. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wameacha kabisa walikuwa asilimia 18 kwa wale waliopewa vepu, na karibu asilimia 10 kwa wale waliopewa vibandiko, jojo na bidhaa nyingine za aina hiyo. Tofauti hiyo siyo ndogo. Lakini kuna namba nyingine katika utafiti huohuo, ambayo wauzaji hawaitaji: kati ya walioacha sigara kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanavuta vepu mwaka ulipoisha. Kwa wenzao wa vibandiko na jojo, waliokuwa bado wanazitumia walikuwa asilimia 9 tu.

Maana yake ni kwamba vepu inakutoa kwenye moshi, ila haikuachii njia rahisi ya kutoka kwenye nikotini. Na mfupa hauangalii nikotini imeingilia mlango gani. Ushahidi mwingi kuhusu nikotini peke yake na mfupa umetoka kwa sungura na panya, na huko imeonekana kuchelewesha mfupa kuunga. Kwa binadamu majibu bado yanapishana. Mimi, kwa mguu wa mdogo wangu, sikutaka kusubiri wamalize kubishana.

Kuna jambo lingine nililiona kwa macho yangu, na nadhani ndilo kubwa kuliko yote. Sigara inaisha. Unavuta dakika tano, unazima, unarudi kwenye shughuli zako. Vepu haiishi. Kijana aliyelala kitandani kutwa nzima, simu mkono mmoja na vepu mkono wa pili, anavuta kidogo anapoamka, kidogo akitazama video, kidogo mguu ukiuma, kidogo usingizi ukikata saa nane usiku. Nikotini huondoka haraka. Baada ya kama saa mbili nusu yake imeshatoka kwenye damu, na hamu inarudi. Nilipomwomba mdogo wangu ahesabu kwa siku moja tu, aliacha kuhesabu kabla ya mchana. Kijana aliyekuwa akivuta karibu pakiti moja kwa siku inawezekana kabisa sasa alikuwa anapata nikotini nyingi kuliko zamani, akiwa na dhamiri safi.

Turudi kwa daktari. Nilitegemea atafoka. Alikaa kimya, kisha akamuuliza mdogo wangu: "Nikikwambia uitupe leo, kesho utavuta sigara?"

"Nitavuta, daktari."

"Basi usiitupe leo. Lakini tupange siku."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Yalifanya kitu ambacho mimi na mama hatukuwa tumekifanya kwa miezi mitatu: yalimfanya kijana aseme ukweli bila kuogopa. Wazazi, kama mna mgonjwa wa mfupa nyumbani, kabla ya chochote kingine hakikisheni anayemtibu anajua kila kitu kinachoingia mwilini mwake: sigara, vepu, ugoro, bangi, dawa za miti shamba. Mgonjwa akisema "sivuti" huku anavuta vepu, daktari atatafuta kosa kwenye chuma, kwenye kipimo, kwenye maambukizi ambayo hayapo. Mnaweza kulipia vipimo vya bure kabisa kwa ajili ya aibu ya neno moja.

Nimetaja ugoro kwa sababu shangazi yetu, kwa nia njema kabisa, aliposikia habari hizi alimletea mdogo wangu kikopo chake. "Huu hauna moshi wala mvuke, bibi yenu alinusa mpaka anazeeka." Nilimshukuru shangazi na kumrudishia kikopo. Ugoro ni tumbaku, na nikotini yake ni ileile. Huko kwetu Mara tunauona kama kitu cha wazee, hatuuweki kwenye fungu la sigara, na ndiyo maana unapita mlango wa mbele bila kuulizwa.

Mpango tuliofanya ni wa kawaida sana. Vepu ilitoka chini ya mto ikahamia kwenye kabati la mama. Mdogo wangu anaiomba, anavuta mara chache akiwa amekaa nje, anairudisha. Wiki ya kwanza mara nane kwa siku. Wiki iliyofuata sita. Alikubali mwenyewe, na hilo ni la lazima. Kijana wa miaka 24 huwezi kumnyang'anya kitu kama mtoto wa chekechea, atapata kingine kijiweni kabla jua halijazama. Nilitaka pia tununue kimiminika chenye nikotini ndogo, lakini nilipofuatilia niliacha kuamini maandishi ya kwenye chupa. Kuna nchi zilizopima vimiminika vilivyoandikwa kuwa havina nikotini na kuikuta humo. Huku kwetu nani anapima? Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, mwaka ambao mfamasia wa China, Hon Lik, ndiyo kwanza alikuwa anabuni kifaa chenyewe. Uganda walipiga marufuku vepu kwa sheria yao ya mwaka 2015. Uingereza, wanaozitumia kusaidia watu kuacha sigara, wamepiga marufuku zile za kutumia mara moja na kutupa kuanzia Juni 1, 2025. Sisi tunaletewa na rafiki wa kijiweni.

Vibandiko na jojo za nikotini niliviulizia katika maduka matatu ya dawa mjini Tarime. Duka moja walidhani nataka plasta ya kidonda. Shirika la Afya Duniani liliziweka bidhaa hizo kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2009, lakini orodha ya Geneva na kabati la duka la dawa ni vitu viwili. Ukiwa na ndugu Mwanza au Dar es Salaam anaweza kukuulizia kwenye famasi kubwa. Mwambie aulize kwanza bei, maana zikipatikana siyo rahisi.

Siku tatu za mwanzo za kupunguza zilikuwa mbaya. Alimfokea mama kwa sababu ya chumvi. Alinifokea mimi kwa sababu ya kufunga mlango. Mimi nilijua ni nikotini inayolalamika, lakini kujua hakukunizuia kukasirika. Kwa wengi makali hayo hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Kilichosaidia zaidi hakikuwa dawa: mjomba alileta ubao wa drafti. Mikono ikapata kazi. Rafiki zake wakaanza kuja jioni kucheza, na mama akaweka sharti moja, kwamba fegi zinaachwa barabarani, siyo mlangoni. Mjomba mwenyewe ni mvutaji. Alinung'unika, lakini sasa anakwenda kusimama kule kwenye migomba.

Tulihamisha na kitanda. Chumba chake kilipakana na jiko la kuni, na moshi ulikuwa unaingia asubuhi na jioni. Moshi wa kuni nao una kaboni monoksaidi. Tulikuwa tunamzuia kijana asivute moshi wa sigara huku tukimfukiza kwa moshi wa ugali.

Kuhusu chakula sitakaa sana. Uji wa ulezi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, maharage na mboga za majani vinatosha, na vyote vinapatikana soko la Tarime. Supu ya kongoro ni tamu na siipingi, ila kalsiamu inayotoka kwenye mfupa uliochemshwa ni kidogo kuliko tunavyojidanganya.

Jambo moja ambalo halihusu mguu, lakini linanikosesha usingizi kuliko mguu. Mtoto wa dada yetu mkubwa, mwenye miaka mitatu, alikutwa siku moja ameshika ile vepu, ameipeleka mdomoni. Inanukia embe, kwa nini asiipeleke? Hakupata kitu, ilikuwa imezimwa. Lakini kimiminika kile ni sumu kwa mtoto mdogo, na kiasi kidogo tu akikimeza kinaweza kumletea kutapika, jasho, kutetemeka, degedege na hata kifo. Kikimwagika kwenye ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji mengi. Akimeza, usimtapishe, mpakie kwenye usafiri wowote uliopo mwende hospitali, na mbebe na chupa yenyewe ili wauguzi waione. Kwenye nyumba yenye mtoto, chini ya mto siyo mahali pa kuweka vepu. Kwa kweli hata mfuko wa koti siyo mahali.

Na kuna mdogo wetu wa mwisho, yuko kidato cha pili. Aliniuliza kwa utulivu kabisa kama vepu haina madhara, "maana kaka amepewa na daktari." Ilibidi nikae naye nimweleze kwamba daktari hakumpa, alimkuta nayo. Kwa anayevuta sigara, vepu inaweza kuwa ngazi ya kushukia. Kwa asiyevuta kitu, ni ngazi ya kupandia. Sijui kama alinielewa. Nitarudia.

Ile pikipiki ilikuwa ya mkataba. Ilibaki miezi mitano iwe yake. Bosi alivumilia mwezi mmoja bila hesabu, wa pili akampa kijana mwingine, na siwezi kumlaumu. Kwa hiyo mdogo wangu anapotazama mguu wake haoni mfupa, anaona pikipiki. Siku nilipomweleza habari za damu na ufa, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja: "Kwa hiyo kila nikivuta najichelewesha kurudi barabarani?" Nikamwambia sina uhakika kwa vepu, nina uhakika kwa sigara, na kwamba kama ni mimi nisingetaka kujua kwa kutumia mguu wangu.

Picha ya mwezi wa tano ilikuwa na wingu. Dogo, upande mmoja tu, lakini daktari alilizungushia kalamu ili mama alione. Hakusema ni kwa sababu ya kupunguza vepu, na mimi siwezi kusema; miezi miwili ilikuwa imeongezeka, chakula kilibadilika, kitanda kilihama. Bado anatembelea magongo. Wiki hii ameomba vepu mara mbili kwa siku, baada ya uji wa asubuhi na kabla ya kulala. Mama anachora kistari kwenye kalenda ya ukutani kila anapoitoa kabatini, na jana nilipopiga simu nyumbani aliniambia kistari cha usiku hakijachorwa, kijana alilala na drafti kifuani.

Tunarudi kwa picha nyingine mwishoni mwa mwezi.